Barafu Haiachwi Wazi

Shikamoo mama yangu,

Najua jua la Mwanza limewaka na wewe uko mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, unafunika barafu ya samaki wako aina ya sato kwa pumba na magunia. Mimi nimefika kilele cha Kilimanjaro na kushuka salama, ingawa baridi ya kule ilinitoa kamasi kama mtoto!

Kule juu, Upendo, dada aliyetuongoza, alitusimamisha penye kokoto tupu. "Nilipoanza kazi hii, barafu ilifika hapa." Sasa imejikunja kule mbali. Mwanao nikaropoka: "Mbona mmeiacha wazi? Mwanza tungeshaifunika!" Wenzangu wakacheka mpaka wakakohoa. Upendo akasema, "Tunaifunika, ila tumeanzia chini."

Tuliposhuka akanipeleka kwao Marangu, ambako akina mama huotesha miche ya miti ya kupanda mlimani, ili msitu urudishe ubaridi na mawingu kule juu. Nimepanda mmoja kwa jina lako, na jioni hiyohiyo mche wako ukanyeshewa mvua.

Sijui kama barafu itausubiri ukue. Ila wasalimie wenzako wa mwaloni, uwaambie hata huku wanaifuata ile kanuni yako: hata likibaki bonge moja tu la barafu, lifunike.

Akupendaye,
Kabula