Msafiri Haambiwi Njiani

Ujiji, 21 Mei 2025

Mwanangu Shadia,

Natangaza rasmi, mbele ya majirani na kuku wote: kuanzia leo jogoo wa jirani yetu Mama Gloriose ni marufuku jikoni kwetu. Tangazo limeisha, sasa salamu. Hujambo? Baridi ya Denimaki haijakung'ata? Sisi wazima, ila mama yako na kifua chake. Anakohoa huku anagomba, kwa hiyo hajambo.

Baba yako

Kopenhageni, 24 Mei

Baba, shikamoo. Mimi mzima, hofu kwenu. Mji huu mzima unaendesha baiskeli, hata wenye tai! Natembea na chupa yangu ya maji, nyama sili, na ndani ya Ulaya sipandi ndege. Ile moja iliyonileta kwenye mkutano huu wa mazingira inanisuta tayari, kwa moshi wake. Mama amekwenda hospitali?

Mwanao, Shadia

Ujiji, 27 Mei

Marahaba, mwanangu. Nimemsomea mama yako. Anasema: "Maji tunabeba, nyama hatuioni, ndege hatupandi. Hao watu wa mazingira mbona hawajaja kutupongeza?" Akacheka mpaka akapaliwa, tukampeleka hospitali. Wamemlaza, wamwangalie tu. Usihangaike.

Baba

Hamburgi, 6 Juni

Shikamoo baba. Simu ya mama haipokelewi. Anaendeleaje? Mkutano umekwisha. Niliwaza, kwa kuwa hewa nimeshaichafua kuja, bora nione mengi kwa safari hii moja: Berlini na kwingine, kwa treni, wiki mbili. Lakini ukisema neno, kesho napanda ndege ya nyumbani. Niambie kweli, baba.

Shadia

Ujiji, 8 Juni

Marahaba. Sote hatujambo. Endelea na treni yako.

Baba

Dar es Salaam, 20 Juni

Shikamoo baba. Nimefika salama! Hata hapa ndege nimeikataa, nakuja na treni ya Kigoma. Mama nimemnunulia fulana ya sufu, kifua kisipigwe na upepo wa ziwa. Mwambie asihangaike na pilau, mimi nataka samaki wetu, migebuka. Mbona hajanitumia hata sauti? Amenuna?

Mwanao, Shadia

Ujiji, 23 Juni

Mwanangu Shadia,

Pole na safari. Barua hii utapewa na Mama Gloriose hapo stesheni. Nimemwambia akushike mkono kwanza, ndipo akupe. Nilitoka nije mwenyewe, nikafika Mwanga, nusu ya njia, nikarudi.

Unajua kwetu msafiri haambiwi msiba akiwa njiani, asije akaanguka penye wageni. Ndiyo maana nilikujibu vile.

Barua yako ya tarehe sita iliingia kwenye simu jioni ile ile, nikamsomea yote, kitandani pale hospitalini. Akauliza, "Berlini kuna nini?" Nikamwambia sijui, treni. Akasema, "Basi mwache aone." Mimi nilitaka kukuandikia uje. Nikasema nitaandika asubuhi.

Tulimzika tarehe saba, baada ya alasiri.

Baba yako