Namba za chaneli ya saba

Ulikuwepo leo walipoleta namba za upimaji wa rada, ukajifanya unafunga kamba za viatu. Nilikuona!

Rada ina chaneli kumi na sita, na kila moja hupimwa kwa ishara ileile ili zote zisikie sawa na kutenganisha vitu vilivyo karibu. Sasa nieleze: namba za leo ni zilezile za mwaka jana, mpaka tarakimu ya mwisho. Ya mwisho! Na waya wa chaneli ya saba tuliubadilisha juzi, mimi na wewe. Waya mpya utoe namba za waya uliotupwa?

Nikamuuliza Mzee Tai, "Bosi, mmepima au mmenakili?"

Akacheka. "Fundi wa kujisomea, hesabu waachie wenye vyeti."

Wenye vyeti! Si ndio hao walioapa mnara wa zamani hauna kutu? Sijasahau.

Wakarusha droni mbili za majaribio. Skrini ikaonyesha moja. Moja! Eti, "Ya pili imejificha nyuma ya mwenzake."

Kaka yako ni rubani, anatua uwanjani hapa kila siku. Akikaribiana na ndege nyingine, waongozaji wa ndege wataona moja.

Fomu ya kuthibitisha upimaji inasubiri saini yako saa tisa. Usisaini. Rudi sasa hivi, upime chaneli ya saba mbele yao, unitumie picha ya namba.