Kibuyu Kilichogeuzwa Kofia

Baba Kamili,

Mtoto amelala hapo kando yako. Uji wake uko kwenye chupa ya chai. ~~Ugali wako nimeufunika jikoni.~~ Wewe jipikie.

Nimekwenda Maganzo kwa mama, na sijui nitamwelezaje. Asubuhi natoka kisimani nakuta umepasua kibuyu alichonipa cha kusukia maziwa! Nusu umemvika mtoto kichwani, umeifunga kwa mpira wa baiskeli, unaikwangua kwa kisu ili imkae vizuri. Eti kisogo chake kimebapa upande mmoja, kinataka kofia ngumu kama zenu za mgodini. Mtoto analia, wewe unamwambia avumilie, ndiyo kazi.

Nesi alituambia nini? Kichwa kinabapa upande anaoulalia. Naye haulalii mwingine, kwa sababu anageukia redio yako, na hageuki tena mpaka mpira uishe. Hapo amekurithi. Basi hamisha redio, na kila ukimlaza mbadilishe upande. Kichwa kitarudi chenyewe. Kibuyu hakirudi.

Nusu ya pili ndiyo niliyogandamizia kikaratasi hiki. Kesho narudi na mama mwenyewe. Ivae.

Mama Kamili