Mboloko Wanamwendea Mtu wa Samaki

Kisangani, Makiso

Mudogo wangu Tomasi,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote hapo Punia. Mgongo unaendeleaje? Na ule mlango uliosema utautengeneza mvua zikiisha, bado unasimama kwa kuegemezwa jiwe? Mimi niko muzima, nakula, nakoroma, na habari ya kwanza unayopaswa kuijua ni hii: Profesa Henriette amenifanya mkuu wa utafiti wote. Siku hizi nakaa mbele ndani ya gari, mkono nje ya dirisha, na vijana wa toleka wananipisha na baiskeli zao.

Bon. Si kweli. Nakaa nyuma, pamoja na majerikani ya maji. Mbele anakaa Papa Bolamba, mwenzangu wa kazi, kwa sababu eti akikaa nyuma anatapika. Mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi, Tomasi! Mawimbi ya mto mzima hayamtapishi, kiti cha nyuma kinamtapisha. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikianza kukueleza habari za Bolamba unacheka mpaka unité zangu zinaisha.

Najua ni shemeji Anjelani anayekusomea hii, maana miwani yako uliikalia. Yeye hajui kazi yangu vizuri, basi nimweleze. Shemeji, mimi naita wanyama kwa pua. Ndiyo, pua. Nakaa chini kati ya majani, nabana pua kwa vidole viwili, natoa sauti ya kulia-lia kama katoto ka mboloko kalikokamatwa na tai. Mboloko, yule paa wa rangi ya majivu asiyefika goti, akisikia anatoka mbio kuja kuona ni nani anaumizwa. Mumeo na mimi tulifundishwa na baba ili tupate kula. Profesa yeye anataka kuhesabu tu. Mnyama anakuja, anatutazama, Profesa anaandika, mnyama anaenda zake na nyama yake yote mwilini. Siku ya kwanza nilitaka kulia.

Wakati ule Profesa alikuwa msichana mwembamba, mtoto wa hapa hapa Makiso, anasoma chuo kikuu, anaingia kwenye tope na viatu vya kwendea misa, anaogopa siafu kuliko anavyomwogopa Mungu. Alinikuta sokoni nauza nyama, akaniuliza nimeipataje. Nikabana pua, nikamwonyesha hapo hapo. Wamama wanaouza pondu, majani ya mihogo, wakaangua kicheko. Yeye akatoa kalamu. Tangu siku ile hatujaachana. Udaktari wake aliuandika juu ya pua yangu. Sasa kichwa chake ni cheupe, wanafunzi wanamwita Madame le Professeur, watu wa nchi za mbali wanamwalika akawaeleze jinsi pori letu linavyogeuka. Na miaka yote hiyo nani alikuwa ameketi kando yake kwenye majani? Si mumewe.

Zamani tulivuka mto Tshopo, tukashika barabara ya Banalia, tukashuka kwenye baiskeli na kuingia porini kabla jasho halijakauka. Nabana pua, wanakuja. Leo gari linatembea asubuhi nzima kati ya mashamba ya mihogo na tanuru za makala, makaa ya kupikia, ndipo tupate kivuli. Nabana pua, anakuja kuku wa mtu.

Alors, mwaka jana Profesa akataka kutazama na upande wa kushoto wa ule mto mkubwa, huko nyuma ya Lubunga, ambako pori bado ni pori. Akatafuta mwitaji wa pili. Nikasema moyoni, atachukua mwindaji wa kwetu. Akachukua mvuvi! Bolamba ni mtu wa Isangi, mtu wa samaki na wa kuimba kwaya, anasema kubana pua alifundishwa na wajomba zake. Na mboloko wanamwendea, Tomasi. Wanamwendea! Wanakuja mpaka karibu na mabuti yake, wanamtazama kama mchumba. Tena mabuti yenyewe ni mapya. Mimi nina yale ya zamani: moja ni la kushoto, na lingine nalo linadai ni la kushoto. Chai anainywea kwenye kikombe cha Profesa. Na Profesa akirudi kutoka ng'ambo ya mto anacheka kile kicheko alichokuwa anacheka na mimi. Hicho ndicho kinachoniuma. Mabuti achukue. Kicheko kile kilikuwa changu.

Basi siku moja nikaomba na mimi nivuke, eti nibebe maji. Ndani ya mtumbwi nikampa Bolamba kalanga. Nilikuwa nimezikaanga mwenyewe, nikazigaragaza kwenye pilipili ile ndogo kabisa, ile inayofanya mbwa akimbie. Nikafikiri, pua itavimba, itaziba, tutaona. Akala zote.

"Merci, yaya," akaniambia, kana kwamba mimi ni kaka yake mkubwa. "Unapika kama mama yangu."

Tulipofika porini macho yalikuwa yanamtoka machozi, kamasi zinashuka, pua imekuwa kubwa kama nyanya. Akaibana, akaita. Tomasi, tangu baba afe sijasikia sauti kama ile. Ilikuwa sauti ya katoto kalikokosa mama, kaumia mguu, na kana mafua juu yake. Hata mimi nilitaka kuinuka nikakasaidie. Mboloko wakatoka majanini, mmoja, na mwingine, na mwingine nyuma yao.

Profesa akanivuta sikio akaninong'oneza: "Papa Anselme, unasikia? Huyu mutu leo anaweza kuita hata mawe."

Nikashindwa kuvumilia. Tuliporudi mjini nikasema mbele ya dereva, kwa sauti: "Huyu anaonekana hodari sababu kule mnyama iko mingi. Alete pua yake huku kwangu, barabara ya Banalia, tuone!"

Profesa akanitazama sana. "Uko na hakika, papa?"

"Hakika kabisa."

"Bon. Twende."

Tukaenda. Nikaanza mimi. Niliita mpaka masikio yakaziba. Kimya. Nzi tu, na kwa mbali shoka la mtu. Kisha Bolamba akakaa juu ya gogo langu, lile lililokwisha kujua matako yangu, akabana. Aliita vizuri; siwezi kukudanganya mara mbili katika barua moja. Kimya. Tukasogea mbele, akaita. Kimya. Tukazunguka mahali pangu pote pa zamani, pale kwenye chemchemi, pale ambapo mboloko jike alinikanyaga kidole, akaita, akaita. Kimya.

Tomasi, nilifurahi! Nikapiga makofi, nikakata kiuno kama mutu wa ndoa. "Papa ya samaki! Wako wapi? Waite basi! Waambie umekuja na mabuti mapya!"

Nikamgeukia Profesa ili acheke pamoja nami. Alikuwa amekaa chini kwenye majani, kalamu ameifunga.

"Papa Anselme," akasema, "nilikuwa natumaini ni pua yako ndiyo imezeeka."

"Na sasa?"

"Sasa naona pua yako iko muzima."

Mikono yangu ikabaki hewani. Nilikuwa nimeshinda, Tomasi, na ndani ya ushindi wenyewe hamna mnyama hata mmoja.

Nikamwomba. Sijawahi kumwomba kitu mwanamke yule, unajua kiburi changu. "Madame, basi nipeleke ngambo. Nibadilishane na huyu. Hata msimu mmoja. Nimuone mboloko akikuja kwangu, donc nitatosheka."

"Siwezi, papa. Huku tulianza na pua yako. Nikiweka pua ingine, kesho nitajua je kama ni pori imebadilika ao ni pua? Aliyeita zamani ndiye lazima aendelee kuita, pale pale. Na ngambo ni vile vile, tulianza na yake."

"Hata kama hakuna anayekuja?"

"Zaidi sana kama hakuna anayekuja."

Umeona mambo? Kwa sababu nilikuwa wa kwanza, nimepewa pori tupu niliitie mpaka nife. Yeye aliyefika jana amepewa mboloko wa kumtazama machoni. Uniambie kama wivu wangu si wa haki.

Wakati wa kurudi Bolamba akanifungulia mlango wa mbele. "Yaya, kaa hapa leo."

"Utatapika."

"Nitatapika."

Akatapika kweli, mpaka daraja la Tshopo, kwa adabu, kichwa nje, bila kumchafua mtu. Hata katika kutapika ananishinda. Na mimi kule mbele sikuona raha yoyote. Nilitazama makala tu, magunia kwa magunia kando ya barabara.

Kesho kutwa naenda tena, niite. Nitabana pua kama kawaida.

Nisalimie dada yetu Veronika, mjane wa katekista, umwambie bado namwombea apunguze kunisema. Nisalimie mjomba Kasongo mfua vyuma, na binti yako mkubwa anayesomea uuguzi. Akimaliza aanze na mgongo wako. Shemeji Anjelani namshukuru kwa macho yake.

Sasa wewe. Siku ya ndoa yako wakwe walikuwa wameshakaa, sahani mbele yao hazina kitu, na wewe umejificha nyuma ya jiko. Nani aliingia porini na pua yake akatoka na nyama? Ulisema, "Yaya, hii nitakurudishia." Sikutaka kukukumbusha mpaka leo. Asubuhi moja pita nyuma ya mashamba, acha mkuki nyumbani, kaa chini, bana pua, uniitie mmoja. Akija, usimguse. Umtazame kwa ajili yangu mpaka yeye mwenyewe achoke na wewe, halafu uniandikie alivyosimama, na masikio aliyaelekeza wapi. Lakini kama alikuja mbio, hiyo ya mbio usiiandike, wivu nilionao unanitosha.

Ni mimi kaka yako,
Anselme