Kode ya Macho Makavu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Wiki sita tangu bwana yangu Augustin aanguke, akafa, pale gare ya treni ya Lubunga, gunia begani. Bado sijalia. Si kwamba nakataa. Naketi kwenye mukeka, natafuta, hakuna kitu. Kama kugonga mulango wa nyumba ambayo watu walihama.

Nilipika sombe, majani ya muhogo, ya watu ishirini, sufuria ikarudi nyeupe. Hata katika matanga mukono wangu hausahau chumvi. Shemeji Clémence, mudogo wa Augustin, alikula sahani mbili, kisha akawaambia wenzake, kwa sauti ya mimi nisikie, kwamba sisi watu wa Butembo tunalia tu muzigo ukizama mutoni. Walicheka. Mimi pia kidogo nicheke. Iko na mudomo, yule.

Saa kumi kaka yao mukubwa, Papa Ruphin, akaniita. Hakupandisha sauti. Alisema katika familia yao mujane asiyelia, kifo cha bwana yake kinaulizwa kwake. Jumamosi familia yote itavuka muto, ije kufunga matanga. Kama siku hiyo sina jibu, nitoke ndani ya nyumba. Nyumba hii! Matofali yake nilibeba kichwani, mimi na Augustin.

Nikamujibu: jibu ninalo. Macho yangu yamekauka, ni ugonjwa. Miaka ishirini nakausha samaki kwa moshi. Binti yangu Chimène ataleta karatasi ya kliniki.

Jumanne, 9 Septemba

Niandike vizuri kazi ya binti yangu, maana hawa wanawake hawaielewi. Iko kwenye kliniki ya macho, ngʼambo ile ingine ya muto. Docteur anaandika ugonjwa kwa mukono, mwandiko kama kuku amepita. Chimène anausoma, anaweka kode kwenye ordinatere, ile kompyuta. Kila ugonjwa una kode yake, herufi na namba, moja kwa dunia nzima. Macho makavu ni H04.1. Mutu wa Lubunga, mutu wa Ubelgiji — H04.1! Mimi shule niliachia mwaka wa sita wa primaire, lakini hiyo naijua kwa kichwa.

Nimewaambia wote hapa: miaka mitatu hajakosea hata kode moja, mukubwa wake wa kazi mwenyewe alisema. Clémence akauliza kama kuna kode ya mama anayejisifu. Bon. Wakacheka tena.

Jumatano, 10 Septemba

Tulivuka na mutumbwi asubuhi, mimi na Chimène. Docteur Liévin ni kijana, ana adabu. Anaingiza kikaratasi chembamba kwenye kope la chini, unafunga macho dakika tano. Hicho kikaratasi ndicho kinapima maji. Kinachoma kidogo. Nilikaa nimetulia kabisa, nikijua hakitalowa.

Akakitoa, akakiweka kwenye rula. Milimita kumi na nane zimelowa. Jicho la pili kumi na saba.

Akasema, mama, machozi yapo, tena ya kutosha. Moshi haukuharibu kitu. Akauliza kama nalala, na kama kuna mutu alinifia. Nikasema bwana yangu. Nilisema kama mutu aliyetumwa chumvi dukani. Akaandika, akaita mugonjwa mwingine.

Donc, basi, kwa kikaratasi nilitoa maji. Kwa Augustin hapana.



Alhamisi, 11 Septemba

Nimemuuliza Chimène docteur aliandika nini. Macho mazima, alisema, na kufiwa. Kumbe hata kufiwa kuna kode: Z63.4, kifo cha mutu wa familia. Nikaiandika kwenye kiganja, nikaiangalia. Haikunifanya kitu.

Nikamwomba aweke ile ingine, ya macho makavu. Alikuwa anamenya muhogo. Kisu kikasimama.

"Mama, ni wewe unatangazia watu kwamba sikosei."

"Ndiyo."

"Na sasa unataka nikosee."

Nikasema tu: nyumba. Nikasema utalala wapi wewe, mimi nitalala wapi. Akaendelea kumenya. Ule muhogo uliisha wote, na hakuna aliyeuhitaji.

Ijumaa, 12 Septemba

Chimène alienda kazini bila chai. Amerudi jioni. Nilikula. Nilioga. Wamefika ndugu za Augustin kutoka Yanonge, mitumbwi miwili. Wamenisalimu vizuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandikia chumbani, mulango nimefunga. Uwanjani wameketi wote.

Chimène amenipa bahasha. Karatasi ina muhuri wa kliniki. H04.1. Mwandiko wake uleule, umenyooka, hakuna mutu angejua. Nilisikia fahari — hapa nisidanganye — nilisikia fahari kwanza. Kisha nikaiweka chini ya hili daftari.

Anasema Jumatatu kliniki wakilinganisha na fishi, ile aliyoandika docteur, atafukuzwa kazi. Alisema hivyo akijifunga kitambaa, kama anaongelea mutu mwingine. Nimemuzaa mimi, huyu. Baridi hii ameitoa kwangu.

Clémence amegonga. Leo hana mzaha. Papa Ruphin anasema karatasi haina mudomo. Ameleta udongo wa kaburi la Augustin kwenye sahani. Aliyeandika, Chimène mwenyewe, ataweka udongo huo kwenye ulimi, aape mbele ya familia kwamba ni kweli. Mutoto anayedanganya na udongo wa baba yake, wao wanajua kitakachomufuata. Hata sisi kwetu Butembo tunajua.

Nilimwambia Chimène: bado unaweza kukataa. Amevua viatu, maana udongo wa kaburi hauliwi na viatu miguuni. Amesimama mbele yangu, mukono wazi.

"Mama, lete karatasi."

Wanaita. Mara ya pili sasa. Mimi naandika, maana nikiacha kuandika nitapaswa kuinuka. Karatasi iko chini ya hili daftari. Chimène ameshika pembe yake, anaivuta pole pole ili isipasuke, na mimi nimeegemea kwa kiwiko, nakandamiza, anavuta