Mguu wa Joha

Mikumi,
Jumatano asubuhi.

Kaka yangu Mudathir,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Dodoma, na kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea kiwe kimekuachia kifua. Sisi tuna uhai. Mama ana nguvu za kutosha kugombana na kuku wa jirani. Joha huko Kilosa ameanza kula, na kwa magongo anafika mwenyewe hadi mlangoni, ila hapendi kutazamwa akifanya hivyo.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu. Kila ukipokea unaanza kunishukuru jinsi nilivyomhangaikia mke wako, nami najikuta nasema usijali kaka. Karatasi hainishukuru. Nimempa Frank wa duka la dawa, anayekuja huko, akukabidhi mkononi kabla hujaanza safari.

Mama ameniambia kwamba Jumatatu serikali ya kijiji inakaa Kilangali, na mlalamikaji ni wewe. Anasema unataka Bibi Tumwagile azuiwe kukanda watu, tena ahame, arudi huko alikotoka babu yake aliyekuja kukata mkonge. Kabla hujasimama mbele ya watu, nataka ujue siku zile zilivyokwenda. Wewe ulikuwa umesharudi kazini, na yote uliyoyasikia uliyasikia kwangu.

Joha aliteleza Jumatano, siku ya nne baada ya harusi yenu, akivuka mfereji wa mashamba ya mpunga kwenda kuwasalimia shangazi zetu. Kifundo cha mguu kikapinduka. Wakamwita Bibi Tumwagile, naye akaja na mafuta yake ya mbarika, akayapasha moto, akamkanda huku akimtania kwamba bibi harusi amemkimbia mume lakini hakufika hata ng'ambo ya mfereji. Joha anasema alicheka mpaka akasahau kulia.

Asubuhi wakamleta kituoni kwetu, kwa kuwa muuguzi wa ukoo ni mimi. Bibi alikuja naye. Mguu ulikuwa umevimba kama kibuyu. Nikamsema yule mzee mbele ya foleni nzima. Nikamweleza kwamba kiungo kilichoteguka hakikandwi siku za mwanzo, kinapumzishwa, kinawekwa kitu cha baridi, kinainuliwa juu ya mto. Yote ni kweli, niliyafaulu chuoni. Akanijibu kwa upole kwamba yeye alinikanda mimi nilipoanguka kutoka kwenye mpera, na nikatembea. Nikamwambia hiyo ilikuwa bahati. Watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Tabibu alipomwona akasema hakuna mfupa uliovunjika, afungwe, alazwe, aangaliwe. Nikaweka gango la kushikilia kifundo, na bendeji. Nilikaza. Nilitaka kazi yangu ionekane tofauti na mafuta ya mtu.

Muuguzi akishafunga mguu uliovimba, kazi yake ndiyo kwanza imeanza. Kila saa anatakiwa kutazama vidole: rangi, joto, kama vinasikia, kama vinacheza. Anabonyeza ukucha uwe mweupe, halafu anatazama damu ikirudi. Kucha za Joha zilikuwa nyeusi kwa piko la harusi, zote kumi. Nilibonyeza, sikuona kitu. Ningeweza kubonyeza nyama ya chini ya kidole. Ningeweza tu kumshika. Wodi ilikuwa imejaa watu wa ajali ya basi, nikajisemea nitarudi.

Aliniita, kaka. Aliniambia, wifi, bendeji inaning'ata. Nikamwambia maharusi wa siku hizi ni laini, nikampa dawa ya maumivu. Baadaye akasema vidole anavihisi kama vya mtu mwingine. Maneno hayo hayo yamo kwenye madaftari yangu, nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu. Nilimwambia alale.

Kabla ya kutoka zamu nilijaza fomu yake, mistari yote kwa mara moja. Mzunguko wa damu: mzuri. Mara tisa. Sikuwa nimemgusa hata mara moja.

Aliyeingia zamu ni Sista Hildegarda. Alifungua bendeji ile bila kuuliza mtu. Mguu ulikuwa wa baridi. Akakimbizwa hospitali kubwa, wakajitahidi, halafu wakaukata chini ya goti.

Tabibu aliponiuliza mgonjwa alifanyiwa nini kabla ya kuletwa, nilijibu haraka kuliko nilivyowahi kujibu mtihani: alikandwa. Sikusema neno lingine. Hakukuwa na haja, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshalisadiki, na wewe ukawa wa kwanza. Huenda kukandwa kuliongeza uvimbe, sitasema hapana. Lakini uvimbe ukiachiwa nafasi haukati mguu. Nafasi niliiziba mimi.

Wiki iliyopita nilikwenda Kilangali. Nilidhani nitamkuta Bibi ana hasira, nami hasira ningeiweza. Alikuwa amekaa ukumbini, hana kazi, chupa ya mafuta ameshaitupa chooni. Akaninyooshea mikono yote miwili. Akasema, mwanangu wewe umesoma, hebu nionyeshe ni kidole kipi kilichokosea, maana ninalala nikivihesabu. Nilivitazama vidole vyake, kaka. Nikamwambia sijui.

Jana nilimkabidhi Sista Hildegarda maelezo yangu kwa maandishi. Aliyasoma akiwa amesimama, akayakunja, akasema atayafikisha, na kwamba leo nisivae sare. Hakunigombeza. Leo nakwenda Kilosa kumwambia Joha, kabla hujamwambia wewe. Sina la kumpa. Mguu hauoti.

Najua utafika Kilangali na kuwaeleza. Waeleze, hata kama utanitaja mbele ya watu wote, na unitaje kwa jina langu na la baba. Ila naogopa Bibi hatakuamini. Amelibeba kosa langu muda mrefu, ameshalizoea kama lake, na mzee wa umri ule akishauchukia mkono wake, sijui ni nani anayeweza kumrudishia.

Mama anakusalimu, hajui ninachoandika. Wasalimie wenzako wa karakana. Usinijibu kwa kunisamehe, wala kwa kunilaani, sasa hivi vyote viwili sitavisikia. Niandikie neno moja tu, kwamba umekaa na yule mzee na amekubali kuishika mikono yako.

Ni mimi mdogo wako,
Mwajabu Mwinshehe