Rafiki wa Kalamu Niliyemkana Getini

Mpendwa dada Sekela,

Zamani tungeanza kwa kuulizana afya, halafu tuseme hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Leo siwezi. Wewe umeshatangulia mbele ya haki, na hofu imebaki kwangu mwenyewe.

Tulikutana gazetini, miaka ile ya sabini. Mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana pale Iringa, na kila Jumapili baada ya kanisa tuligombania ukurasa wa marafiki wa kalamu. Wengine waliandika wanapenda muziki na kuogelea, na hakika mto wenyewe walikuwa wanauogopa. Wewe uliandika unapenda kulima na kusoma barua. Nilicheka, halafu nikakuandikia.

Jibu lako lilikuja kwa penseli, herufi kubwa zikipanda na kushuka. Ulinieleza bila kuficha kwamba una miaka ishirini na sita, una mume na watoto, unalima viazi na pareto Uyole, kule Mbeya, na kusoma umejifunza katika darasa la watu wazima. Mwalimu wenu ndiye aliyepeleka jina lako gazetini, maana ulimlalamikia kwamba kusoma umejua lakini huna mtu wa kukuandikia.

Kwa karibu miaka miwili barua zako hazikukatika. Mama yangu alipofariki kule Nyololo, nilirudi shuleni baada ya matanga. Wenzangu walinipa pole siku moja, kisha wakaendelea na mambo yao. Wewe uliandika: "Unakula? Mimi nilipofiwa na mama sikula siku nne, nikaugua. Wewe kula. Hata kama hutaki, kula." Nilikwenda bwaloni nikala. Siku hiyo nilikupenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Sasa nifike kwenye aibu. Bwenini niliwaambia wenzangu kwamba rafiki yangu wa Mbeya anasomea ualimu. Barua zako nilizisomea chooni ili wasiuone mwandiko. Tulipopewa insha ya "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", niliandika habari zako, nikakuvika na sketi ya chuo, nikapata alama za juu kuliko wote, ikasomwa mbele ya darasa. Na miaka ile kila mtu alikuwa ndugu! Tuliimba usawa kila asubuhi tukiwa mstarini, na elimu ya watu wazima tuliitungia mashairi. Kuisifu kulikuwa rahisi, kwa sababu haikuwa imesimama getini.

Ukaja Jumamosi ya wageni, bila kunitaarifu, ukitaka kunifurahisha. Nilikuona kwa mbali: kanga mbili, viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi la safari, mtoto mgongoni, gunia dogo la viazi kichwani. Sikuwahi kuona picha yako, lakini nilikujua. Nawe ulinijua, ukatabasamu. Nilikuwa na wenzangu watatu, na mmoja akauliza huyo ni nani.

Nikasema, "Anatufanyia kazi nyumbani."

Nilisema kwa sauti, dada. Ulisikia, na mimi niliona kwamba umesikia. Ulishusha gunia polepole, ukanipigia goti kidogo, wewe mkubwa wangu, ukasema, "Baba kanituma, dada. Kasema ule vizuri."

Wenzangu walikushukuru kwa viazi. Nilikusindikiza mpaka barabarani, machozi yakaanza kunitoka, nawe ukaniambia taratibu, "Nyamaza. Wenzako wanatazama." Ukageuka, ukaenda kutafuta basi. Hukuwa umekunywa hata maji.

Uliniandikia mara moja tu baada ya hapo. Umefika salama, mtoto hajambo, je, viazi viliiva vizuri? Sikujibu. Kila nilipoanza ilinibidi niliandike lile nililolisema, na nikifika hapo nachana karatasi. Shule ikaisha, nikaolewa, nikawa najiambia maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo ilinifaa sana katika woga wangu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, ambaye ana marafiki wengi kwenye simu kuliko mtaani, aliniuliza kama sisi wa zamani tuliweza kuwa na rafiki ambaye hatujawahi kumwona. Nikataja jina lako. Akaliweka katika kundi la watu wa Uyole, na siku ya pili binti yako akajibu. Ndiye yule wa mgongoni. Alisema umefariki mwaka juzi, kisha akaandika haya: "Mama alitusimulia habari zako. Alisema alipokuja shuleni ulimkimbilia getini, ukamkumbatia mbele ya wenzako wote, mkala pamoja. Asante sana, mama, kwa kumheshimu mama yetu."

Nilimwomba mjukuu anisomee tena, na tena. Kumbe hata kwa wanao ulinisitiri. Na mimi, bibi mzima mwenye mvi, nikamwambia mjukuu ajibu, "Asante, mwanangu." Basi nikawa nimekukana mara ya pili, safari hii huku nashukuriwa.

Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Nilikukana mbele ya watu, haifai nikuombe radhi kichinichini. Mjukuu ataiweka kundini, na binti yako ataisoma. Atajua kwamba mama yake hakukumbatiwa na hakupewa chakula, na kwamba alirudi Uyole na njaa yake, akiwa amembeba yeye. Huenda asiniandikie tena. Itakuwa haki yake.

Pumzika, dada yangu. Nilikupenda, na niliona aibu kukupenda.

Ni mimi, rafiki yako wa kalamu,
Iringa